Mama Ciakuthii na Kompyuta Iliyomsahau Meneja

Tarehe 31 Desemba 1999, Mama Ciakuthii Kathuri anastaafu baada ya kuitumikia kampuni yetu ya Mbegu Thuci kwa miaka ishirini na sita. Aliingia ofisi ya Meru akiwa mpiga chapa, anaondoka akiwa mkuu wa kitengo cha kompyuta. Katika safari hiyo amebishana na kila meneja tuliyewahi kuwa naye, na wote aliwashinda isipokuwa mmoja, aliyehamishwa kabla ubishi haujaisha.

Kompyuta ya kwanza ilipofika, wenzake waliifunika kwa kitambaa cha kufuma na kuweka maua juu yake. Yeye aliondoa maua, akaomba mafunzo Nairobi, akarudi na cheti na sauti ya juu zaidi kuliko aliyoondoka nayo.

Lakini tutamkumbuka hasa kwa mambo ya mwaka jana. Kampuni ilikuwa imefungua tovuti ili mawakala wetu waagize mbegu bila kusafiri. Wakala aliandika jina lake na neno la siri, akachagua mbegu, kisha akabonyeza “Endelea” ili apelekwe kwenye ukurasa wa kuthibitisha. Alipofika huko, alikuta maandishi haya: “Karibu mgeni. Tafadhali jitambulishe.” Kikapu chake cha oda kilikuwa kitupu.

Bwana Kiambi, wakala wetu wa Runyenjes, alipiga simu akiwa amechoka. “Nimejitambulisha tangu asubuhi,” alisema. “Hata siku ya kupeleka mahari sikuulizwa jina mara nyingi hivi.”

Meneja wetu, Bwana Muthamia, aliona kwamba jina moja halitoshi. Aliagiza kila wakala ajiandikishe upya kwa jina kamili, jina la baba, ukoo na kanisa. Kiambi aliandika yote. Kompyuta ikamsahau yote. Ndipo ilipoundwa Kamati ya Kumbukumbu, ambayo ilipendekeza kompyuta izimwe saa ya chakula cha mchana ili ipumzike kama wafanyakazi wengine. Mwishowe ukatoka waraka: mtu yeyote asiyetambuliwa na kompyuta asihudumiwe, na akiwa ofisini asindikizwe hadi langoni.

Siku ya kuwaonyesha wakurugenzi tovuti, Bwana Muthamia mwenyewe aliketi mbele ya kompyuta. Aliandika majina yake yote, akachagua gunia la mahindi, akabonyeza “Endelea.” Kompyuta ikamwambia, “Karibu mgeni.” Mlinzi wetu, Mzee Mbaka, ambaye hufuata maagizo, alimshika kiwiko taratibu. Meneja alitazama waraka ukutani, akaona sahihi yake, akatoka bila ubishi. Mkutano uliendelea, naye akiwa nje ya lango, akiwapungia mkono wakurugenzi kupitia nyavu za ua.

Sisi tulicheka, lakini Mama Ciakuthii hakucheka. Mvua za Oktoba zilikuwa zinakaribia, na wakulima wa nyanda kavu za Mbeere, wanaonunua kwa Kiambi, walikuwa hawajapata ndengu wala kunde. Mbegu ikichelewa huko, mvua humwagika kwenye shamba tupu, na familia hukaa msimu mzima zikinunua chakula.

Kilichomsumbua ni kwamba yeye hakuwahi kusahauliwa. Kila alipojaribu, oda yake ilifika salama. Basi alimpigia Kiambi simu. “Nisomee anwani unayoandika, herufi moja moja.”

Kiambi alisoma kutoka kwenye kalenda ya kampuni: w, w, w, nukta, kisha jina la kampuni. Mama Ciakuthii, kwa uvivu wa vidole, hakuwahi kuandika zile w tatu.

Alitueleza hivi. Ukiingia kwenye tovuti, hupewa kadi ndogo ya kukutambulisha, ambayo mafundi huiita kuki. Kadi hiyo huonyeshwa tu kwenye anwani iliyoitoa. Kiambi alipewa kadi na anwani yenye w tatu, lakini kitufe cha “Endelea” kilimpeleka kwenye anwani isiyo nazo. Kompyuta yake iliona huko ni kwa watu wengine, ikaificha kadi. Aliyefika bila kadi akawa mgeni.

Kamati ilipendekeza kalenda zote zikusanywe na w tatu zipakwe wino. Mama Ciakuthii alikataa, akabadilisha mstari mmoja wa programu ili mtu aendelee kwenye anwani ile ile aliyoingilia. Kisha akamwomba Kiambi ajaribu.

“Imeniita kwa jina,” Kiambi alisema hatimaye.

“Jina lipi?”

“Yote, Mama. Mpaka kanisa.”

Lori la mbegu liliondoka wiki hiyo hiyo, na ndengu zikawa ardhini mvua ilipoanza.

Kiti chake anamwachia Sheila, msaidizi wake katika kitengo cha kompyuta. Sheila alipomwomba ushauri, alimjibu, “Mtu akikuambia kompyuta imemsahau, usimwambie amekosea. Keti karibu naye utazame anachofanya.”

Asante, Mama Ciakuthii, kwa kazi na kwa ubishi. Nenda salama nyumbani Kianjokoma. Tunakuombea afya, usingizi mrefu wa asubuhi, na wajukuu watakaobishana nawe mpaka uridhike.