Cherehani Niliyomwachia Akinyi

Sikilizeni, Wesley na Cornelius, wanangu mlioko Nyakach. Ni mimi baba yenu Oloo, nasema nikiwa kitandani kwa dada yenu hapa mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, huku Uarabuni. Simu kaishika yeye, na wewe Akinyi usitoe kidole hapo pa kurekodi hata usikie nini, maana ukikitoa tu sauti itakwenda kabla sijamaliza.

Mnamjua Madam Solveig, yule Mnorwei niliyemwendesha kwa gari miaka tisa. Babu wa mama yake alikuwa wakili na mbunge huko kwao, zamani za farasi, na picha yake yenye ndevu ilitundikwa sebuleni kwake kule Al Wukair. Alisimama bungeni siku mbili akitetea mabinti warithi sawa na kaka zao, hadi sheria ikapita. Nilimpenda mzee huyo, maana nami kwenye baraza la ardhi huko nyumbani niligombana na nusu ya watu wa lokesheni yetu kwa ajili ya mabinti wa watu.

Basi Jumanne moja, tukielekea mjini, Madam akanisimulia wosia wa wakili ulivyofunguliwa. Shamba na msitu, vyote kwa wavulana wawili. Ragnhild, binti aliyemuuguza mpaka mwisho, kaachiwa saa ya ukutani. Saa! Jamani, nilikanyaga breki katikati ya barabara, honi zikalia nyuma yetu, Madam akapiga kelele, "Oloo, kuna nini?" Karatasi yangu ya wosia ilikuwa tayari kwa chifu: shamba kwa Wesley na Cornelius, na Akinyi cherehani ya mama yake.

Ndiyo, Akinyi, niliandika. Kwa mkono huu huu unaouosha kila asubuhi. Haki ya Mungu, hadi leo sijui nilikuwa mtu gani.

Cornelius, ichukue karatasi hiyo uichane mbele ya chifu. Shamba ligawanywe mara tatu, na upande wenye chemchemi ni wa Akinyi. Wesley, uliponiambia wanawake hawagawiwi ardhi nilinyamaza, ukadhani nimekubali. Niliogopa tu. Tena kuna hili: dada yenu hajaolewa, na kwetu binti wa hivyo huzikwa nje ya ua. Siku yake ikifika, alale ndani, karibu nami. Atakayekataa asishike jembe kwenye kaburi langu.

Ngojeni... pumzi. Mungu awape mvua, na watoto wenu... wajuane, wale sahani moja.

Nimemaliza. Toa kidole, Akinyi, iende. Mbona hutoi? Toa, mama... wasikie.