N Moja ya Janna

Kwenye treni, mbele yangu, fundi wa mawe ya makaburi alimtambua mjane aliyeketi kando yake. “Mama, nisamehe. Ulitaka ‘Mungu akujaalie Janna’, pepo yenyewe, mimi nikamchongea marehemu ‘jana’. Watu wamenicheka, wateja wamenikimbia. Niruhusu nikuchongee jiwe jingine.”

Mjane akatoa karatasi pochini. “Hii ndiyo niliyokuandikia, ukanirudishia pamoja na jiwe. Soma.”

Nilichungulia bila haya: n ilikuwa moja.

“Kosa ni langu, baba. Nilinyamaza, ukabeba aibu yangu.”

“Mwaka mzima, mama?”

Mjane alifunika uso kwa viganja. Treni iliposimama, fundi alishuka na karatasi bila kuaga. Mjane, ambaye tiketi yake ilikuwa ya kituo hicho hicho, hakuinuka.