Mfuko wa Kulalia wa Bwana Vijibendera

Enzi za Mdachi, reli ikiwa bado ni habari ya kusimuliwa tu, kulikuwa na benchi pale Mpwapwa, nje ya kibaraza cha Bashiri fundi cherehani. Kila asubuhi ya kipupwe watu walewale walilikalia wakigombea jua na kahawa. Khamisi, muuza kahawa mwenyewe, walimwita Bagamoyo, kwa kuwa alifika huko mara moja na hajaacha kurudi kwa mdomo. Sila waliyemwita Najua alisoma misheni hadi walimu wakamchoka. Na Matonya, Mgogo mrefu, mpagazi, mtu wa maneno machache. Siku hiyo Bashiri hakuwa na hamu ya kahawa. Mapajani alikuwa na mfuko wa kulalia wa Bwana Vijibendera, Mdachi mfupi aliyezunguka nchi akichomeka vibendera ardhini kupimia njia ya reli. Mfuko ulishonwa Ulaya, ukajazwa manyoya ya bata, na aliyeushona alidhani anamshonea tembo. Bwana akilala humo anatetemeka. Ukikunjwa, ni mzigo wa mtu mzima peke yake. Amri ilikuwa fupi: upunguzwe, utie joto, ubebeke, maana kesho msafara unakwenda Kondoa. Ukiharibika, viboko hamsa ishirini. Bashiri alikwisha kuanza kuwashwa matako kabla kiboko hakijafika.

— Mimi sielewi, alisema Khamisi akimimina kahawa. Manyoya yote hayo, na bado anasikia baridi?

— Najua, alisema Sila. Baridi ni mgeni. Ikikuta nafasi ubavuni mwako, inajilaza. Ndiyo maana wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Sasa hapo anapona nani?

— Baridi.

— Mtieni ndama humo ndani, alisema Matonya. Kwetu ndama tunalala nao nyumbani tembeni, na hakuna anayetetemeka.

— Ndama akikojoa je?

— Mkojo wa ndama nao una moto.

Khamisi alitikisa kichwa kwa dharau.

— Nyie hamjatembea. Bagamoyo niliona Wazungu wanalazwa ndani ya sanduku, na kifuniko juu.

— Hao walikuwa wamekufa, Bagamoyo!

— Walikuwa wamekufa, sawa. Umemsikia hata mmoja akilalamikia baridi?

Bashiri alicheka bila kupenda. Lakini katika upuuzi ule, neno moja la Sila lilimkaa: nafasi. Mwili wa Bwana ulikuwa mdogo, nao ulijaribu kupasha moto chumba kizima. Akasema bismillahi, akakata. Manyoya yakapaa hadi ndani ya vikombe.

— Kahawa yangu inaota mbawa! alipiga kelele Khamisi.

— Kunywa tu. Haba na haba hujaza kibaba, alisema Sila, akitema unyoya.

Bashiri alibana ubavu huu, akabana na ule, akasokota sehemu ya miguuni ikawa nyembamba kama shingo ya kibuyu. Manyoya aliyoyaokota aliyashindilia kwenye vifuko vya manyoya vilivyobaki, vikatuna. Sila akachungulia vifungo vilivyokuwa ndani ya mfuko.

— Upepo utapenya katikati ya hivi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Hilo nalo lilikuwa kweli. Bashiri aling'oa vifungo, akashona ulimi wa kitambaa wa kuziba upenyo, akatoboa matundu kwa nje na kupitisha kamba ya ngozi toka miguuni hadi shingoni. Ukishaviringishwa, kamba ileile iliubana ukawa furushi dogo la kubeba kwapani.

Matonya aliuweka kichwani, akatembea hatua kadhaa. Safari iliyopita, mfuko huu ulimponyoka mtoni Kinyasungwe ukalowa, na mgongo wake ulikuwa bado na alama za kiboko.

— Kama sijabeba kitu, alisema taratibu. Fundi, Mungu akuweke.

Wakati huo akafika Mwantum, mwanamke wa Kondoa aliyekuja kuuza samli. Akaweka kibuyu chini, akawaamkia, akaelezwa habari yote, kila mmoja akijisifia lake. Akaushika mfuko, akavuta ile kamba.

— Kazi nzuri, kaka yangu. Ila kamba iko nje. Akishaingia, nani anamfunga? Na asubuhi nani anamfungua?

Sila alifungua kinywa, "najua" ikagoma kutoka. Bashiri akanyakua wembe afumue, lakini mkono wa Matonya ulikwisha kulala juu ya mfuko.

— Acha, fundi. Umekaa vizuri.

— Matonya, watatuua!

— Mizigo ya Bwana naifunga mimi. Ndiyo kazi yangu.

Khamisi alitikisa birika. Lilikuwa tupu.

Msafara uliondoka, na tangu hapo Bashiri hakulala vizuri. Kila askari aliyepita barabarani alimfanya ajichome sindano. Hata siku moja Matonya akatokea, mzima, vumbi la Kondoa miguuni, akaketi mahali pake. Wote wakamvamia kwa maswali.

— Baridi je? aliuliza Bashiri kwanza, maana fundi ni fundi.

— Hakutetemeka tena. Alilala kama mtoto mgongoni.

— Na kufunguliwa?

— Siku ya kwanza, karibu na kucha, mkojo ukambana. Kaita "Boi!" Nikalala. Katukana kwa lugha yao. Nikakoroma hadi jua lilipotoka, ndipo nikamfungua.

— Hakukupiga?

— Mchana alikishika kiboko. Kisha akatazama jua linavyoshuka, akaikumbuka kamba, akakiweka.

Bashiri alisogea karibu.

— Ikawaje?

Matonya alikunywa kahawa yake hadi mwisho bila haraka.

— Kesho yake, alfajiri, nikasikia sauti nyembamba toka mfukoni: "Matonya, tafadhali."



— Kumbe Kiswahili anakijua, alisema Sila.