Mliombea Mitihani Isiyokuwapo

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na nyinyi mnaopenda kukaa nyuma karibu na mlango, asifiwe!

Mnaukumbuka ule mwaka tulipokula ugali kwenye harusi. Mchele ulikuwa umeadimika, duka kubwa likatuwekea kipimo, na pilau ikakosekana. Mama Neema, Mtanzania wetu, alisonga ugali wa kanisa zima hapa hapa nyuma ya ghala letu la ibada, jirani na fundi wa matairi, akilalamika, "Harusi bila pilau, wenzangu, ni matanga!" Sisi watu wa bara tulikula kimya, maana tulikuwa tunafurahia. Basi haya yalifikia kilele mwaka huo.

Mimi sikusoma. Darasa la pili nilitolewa nikachunge ng'ombe wa baba, huko Nandi. Pasta ameniambia niandike kwa sababu nikisimama kusema sikai chini tena.

Nilikuja hapa Manassas, Marekani, kulea wajukuu. Binti yangu Jerop anatunza wazee kule Sterling. Kifungua mimba wake ni Kibet, na huyo nilimlea mwenyewe nyumbani mpaka alipomfuata mamake huku. Najivunia huyo kijana mpaka shingo inaniuma. Alipoingia chuo nilisimama mbele yenu nikatangaza: Kibet anasomea udaktari wa mifugo! Mkapiga makofi.

Ndugu zangu, Kibet aliacha chuo baada ya muhula mmoja. Alikwenda kufanya kazi kwenye ranchi ya ng'ombe, si mbali na hapa. Anazalisha ndama, anakaza waya za ua, anabeba majani makavu. Hiyo ningeimeza. Lakini Jumamosi moja alivaa kofia pana ya kikauboi akaenda kwenye rodeo, akapanda fahali mbele za watu! Sekunde nane juu ya fahali anayeruka kama amemwagiwa maji moto, na watu wanashangilia.

Kwetu ng'ombe hupewa jina. Huimbiwa. Kumkalia mgongoni kama punda? Hata mwendawazimu wa kijiji chetu hakuthubutu! Nikaona aibu, nikanyamaza. Mkiniuliza, "Daktari wetu anaendeleaje?" nasema, "Ana mitihani, mwombeeni." Na mkaomba! Miaka miwili! Mama Neema alifunga siku tatu kwa ajili ya mtihani wa mifupa ya farasi, mtihani niliouzua mimi huku nikikoroga chai.

Kibet akaacha kuja kanisani. Nilimgombeza jikoni, akanijibu kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma. "Kogo," akasema, hivyo ndivyo tunavyoita bibi kwetu, "nikija nitakaa wapi? Huko kuna Kibet mwingine, daktari. Mimi simjui." Akavaa kofia yake akaondoka. Krismasi hakuja. Simu hashiki. Nilikuwa nampoteza, na nilijua ni mdomo wangu uliomfukuza. Lakini kiburi, ndugu zangu, ni kupe. Yeye ananenepa, wewe unakonda.

Siku moja ya kiangazi akapiga simu mwenyewe. "Kogo, njoo Jumamosi unione mara moja tu. Ukishaniona, sema lolote."

Nilikwenda, lakini si kumwona. Nilikwenda kumtoa! Maneno yangu nilikuwa nimeyanoa kama panga.

Tukakaa mbele kabisa, mimi na Jerop. Uwanjani alikuwamo mzee mmoja mwembamba, uso ameupaka rangi, suruali pana imeshikiliwa na mikanda. Kazi yake kuchekesha watu na kumvuta fahali mbali na aliyeanguka. Nikamwambia Jerop, "Tazama mtu mzima na mvi zake! Huyu hana ndugu wa kumshauri?"

"Mama, nyamaza, watasikia."

"Wasikie! Kinandi watakijulia wapi?"

Lango likafunguliwa. Kibet juu ya fahali mweusi. Akarushwa mara moja, mara mbili, akaanguka, lakini mkono ukanasa kwenye kamba aliyojishikilia. Ndugu zangu! Fahali anazunguka, na mtoto wangu anapigwapigwa ubavuni mwake kama shuka kwenye kamba siku ya upepo. Nilisimama nikamwita yule fahali wito wa kwetu, ule wa kutuliza, niliouita tangu utoto. Hata sikio hakugeuza. Fahali wa Virginia angenijulia wapi? Ndipo nikamwita Yesu. Nikapiga kelele, "Bwana, nirudishie huyu! Huyu mwenye kofia, yule daktari simtaki!"

Na nani alikimbia? Yule mwenye rangi usoni! Alijitupa katikati ya pembe na mtoto wangu, akaifungua kamba kwa mkono mmoja. Kibet akadondoka. Fahali akamgeukia mzee, akambana kwenye ua, ndipo wenzake wakafungua lango lingine fahali akatoka.

Kibet alivunjika mbavu na nyonga, pafu moja likatoboka. Mzee yule, jina lake Dale, alivunjika mbavu mbili na kiwiko. Hospitali moja, vyumba viwili.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Nilikuja hapa na nguo za jana, nikaomba kipaza sauti. Nikasema, "Mliombea mitihani isiyokuwapo. Ombeeni pafu." Kisha nikaeleza yote. Nilingoja mnifukuze. Mama Neema akainuka, macho mekundu, akanijia. "Bibi, siku tatu nilifunga! Siku tatu, hata maji!" Kisha akanishika mkono. "Haya, chukua mkoba. Twende tukamwone huyo wa kweli."

Mlikuja, wa Sterling, wa Landover, mkajaza ukumbi mpaka muuguzi akauliza kama kuna harusi. Kibet alifungua macho akaona kanisa limemzunguka. Akaniuliza, mipira ya hewa ikiwa puani, "Kogo, wanajua mimi ni nani?"

"Wanajua."

Akalia. Mimi nikalia. Siku ile nilifunguliwa! Madaktari walimshona yeye, lakini Bwana alinishona mimi. Haleluya!

Kwa Dale nilipeleka maziwa ya mtindi, nikamtemea mate kidogo kifuani, kama wazee wa kwetu wanavyobariki. Pasta anisamehe! Dale alishtuka, Jerop akamweleza, akacheka mpaka akashika mbavu zake akiomba tumhurumie.

Leo Kibet anatembea. Asubuhi za baridi anachechemea. Fahali hapandi tena, nyonga ilimkataza kabla yangu, lakini ranchi hajaiacha. Nilimtembelea nikamkuta mkono uko ndani ya ng'ombe hadi begani, ndama amekwama. Nikamwambia, "Usivute. Geuza kichwa kwanza." Akageuza. Ndama akatoka mzima, mimi na mjukuu wangu tukakaa kwenye majani tumelowa damu, tunacheka. Nani kama Mungu?

Ndugu zangu, kama una mtoto wa kweli umemficha nyuma ya mtoto wa kutunga, mlete leo. Mlete kwa Yesu jinsi alivyo, na wewe njoo jinsi ulivyo. Naamini hata mfungo wa Mama Neema haukupotea. Mungu alijua Kibet yupi ana shida. Mtegemeeni!

Mwezi uliopita tulikwenda Landover kumposea Kibet mke. Garini mzee mmoja wa kanisa akaninong'oneza, "Mama, wale ni watu wa ofisi. Tuseme tu ni daktari wa mifugo. Si kazi ni ile ile?"

Nikamwambia, "Sisemi uongo tena. Mjukuu wangu ni mchunga ng'ombe, na hata akija na mavi viatuni ni wangu."

Tukaingia. Baba wa binti, mtu mpole mwenye tai, akasema, "Mama, kijana atarudi chuoni, siyo? Sema ndiyo tu tuendelee, nyama inapoa." Chumba kizima kikanitazama. Mzee wetu akanikanyaga mguu. Kibet alikuwa ameinamia kofia yake.

Nikasema, "Sisemi uongo tena. Mjukuu wangu ni mchunga ng'ombe, na hata akija na mavi viatuni ni wangu."