Neno Ambalo Halikuwemo Kitabuni

Wafiwa wenzetu, majirani, na nyinyi wa kikundi cha maigizo mliokaa mstari wa mbele, haya ni maisha ya marehemu kama dada yake mkubwa aliyemlea alivyoyatamka jana jikoni kwake, na ametuagiza yasomwe yote, bila kulainishwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1962, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa mwisho, mdogo kiasi kwamba mkunga alimfunga kwa taulo la uso, na mama yao alipofariki yeye akiwa hajaanza hata kutambaa, dada yake alimbeba mgongoni akifua, akipika na akigombana na wauza maji.

Alianza shule ya msingi mwaka 1969, hesabu zikamkataa katakata, lakini akishika kitabu cha hadithi alikuwa hasikii la mtu, na ni riwaya moja kongwe, ile ambayo kila aliyepita shule nchini ameisoma apende asipende, iliyomvusha sekondari na baadaye ikampa kazi.

Mwaka 1983 alijiunga na kikundi hiki, kinachozunguka na lori kwenye kumbi za shule kikiwaonyesha wanafunzi riwaya za taifa jukwaani, na kwa sauti yake nzito akapewa nafasi ya babu katika riwaya ileile, akapakwa unga kichwani, akaitwa Babu kabla ndevu hazijamjaa, jina likamganda mpaka mama mkwe wake akawa anamwamkia yeye, "Shikamoo, Babu," na nyumba nzima inaangua kicheko.

Kazi yake kubwa ilikuwa kufa. Babu wa kitabuni anadondosha fimbo, anateleza kutoka kitini na kukata roho bila kusema neno, na kifo hicho marehemu alikifanyia mazoezi kwenye sakafu ya jiko la dada yake, dada akimruka na sufuria, "Toka njiani we maiti, nimebeba maji ya moto," naye anafumbua jicho moja, "Chumvi umeweka?", kisha anaendelea kufa.

Kikundini kulikuwa na amri moja, ambayo mkuu wa kikundi aliirudia mpaka ikachosha masikio, kwamba kitabu cha taifa hakiongezwi neno, na Babu aliishika amri hiyo miaka yote, hata siku ile kuku wa mwalimu mkuu alipopanda jukwaani akamdonoa sikio akiwa ameshakufa, hakusema hata "shii".

Mwaka 1988 alimuoa mshonaji wa nguo za waigizaji, ambaye kila wiki alikuwa akimpima upya koti la babu wakati koti halikuwa na kasoro yoyote, mpaka watu wakaelewa, nao wawili wakajaaliwa binti ambaye ni muuguzi na kijana ambaye ni fundi umeme, pamoja na wajukuu.

Januari mwaka huu moyo ulianza kumsumbua, daktari akamwambia apumzike, naye akamfuata mkuu wa kikundi, kofia mkononi, akaomba mwingine ashike nafasi yake msimu huu, akajibiwa mbele ya wenzake, "Babu, wewe kazi yako ni kukaa na kulala, kulala nako kunachosha?", wakacheka, na yeye akacheka nao, kwa kuwa alikuwa mpole mno, upole ambao dada yake hajamsamehe mpaka leo, akapanda lori.

Ijumaa iliyopita, alasiri, katika ukumbi wa shule ya wasichana, fimbo ilidondoka, Babu akateleza, kisha akasema, "Jamani, kifua." Maneno hayo hayamo kitabuni. Wanafunzi hawana kosa, waliona kazi nzuri wakasimama wakapiga makofi, na makofi yakafunika aliposema mara ya pili, lakini nyinyi mliokikariri kitabu mlijua hayamo. Mke wake, sindano ikiwa bado mdomoni, alikimbilia jukwaani, akashikwa mkono na mmoja wenu, "Mama, subiri pazia lishuke, utatuharibia," akasubirishwa mpaka wale wa kulia kwa kuigiza wakamaliza kumlilia mumewe, wimbo mzima na kibwagizo chake, na pazia liliposhuka mkuu alimwinamia mgonjwa pale sakafuni akamuuliza, "Babu, nani kakuruhusu kuongeza maneno?"

Alifariki Jumapili asubuhi, wodi ya wanaume, kitanda cha karibu na mlango, dada yake akiwa amemshika mguu juu ya shuka, na kabla ya kuondoka alifumbua jicho moja, dada akasubiri aulizwe kuhusu chumvi, jicho likajifumba.

Jumatatu tukamsikia mkuu redioni akisema Babu amefia jukwaani, akifanya alichokipenda, huku akipigiwa makofi, na jana akaileta sentensi hiyohiyo nyumbani iingizwe katika historia hii, dada akamtazama, akamwambia, "Mwanangu, kitabu hiki ni changu, na hakiongezwi neno." Sentensi hiyo haimo. Hakufia jukwaani, jukwaani aliomba msaada, na alichokipenda hakikuwa kufa, alichokipenda ni kuinuka baada ya kufa, kuvua lile koti, na kuja kula.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye siku mbili, majirani walioleta viti na kulala nasi, na miongoni mwa wafanyakazi wenzake tunamshukuru kwa namna ya pekee dereva wa lori, ambaye aliposikia hakuuliza pazia liko wapi, alimbeba Babu begani akamkimbiza hospitali na unga ukiwa bado kichwani.

Mwisho, tumesikia kwamba kikundi kimepanga kusimama kaburini na kupiga makofi, kama ilivyo desturi yenu mwigizaji akiondoka. Mke wake anaomba, na dada yake haombi, anakataza: kiganja cha mtu kisigonge kingine. Makofi aliyapata Ijumaa, yakamfunika. Leo tunyamaze.

Pumzika kwa amani, Babu, safari hii tumekusikia.