Kadi Kumi na Moja za Risasi

Ketini karibu, wanangu, na wewe Ardo usikae mlangoni kama mgeni, kwa sababu haya nitakayoyasema leo yanakuhusu wewe kuliko Timiro na Ahmednoor niliowazaa mwenyewe, na kifua changu hiki hakitanipa siku nyingine.

Mifugo igaweni kama dini inavyosema. Nyumba hii ya bati ni ya Ardo peke yake. Timiro, usinikunjie uso. Sikia kwanza nilivyoipata.

Mwaka wa sitini na tano serikali ilitangaza kwamba mlemavu aliyejinunulia magongo, mguu wa mbao au kiti cha magurudumu atarudishiwa fedha zake. Madai yakafurika ofisini kwetu hapa Garissa, karatasi zikapotea, watu wakashinda barazani wiki nzima wakitukanwa. Mimi ndiye niliyebuni kadi. Kila mtu kadi yake, na ukingoni nikaitoboa matundu: hili la mguu wa kushoto, hili la kulia, hili la polio, hili la mamba wa Mto Tana, hili la risasi. Jambo likimhusu mtu, tundu lake nalikata mpaka ukingoni. Ukiwataka watu wa aina moja, unapitisha sindano ndefu katika tundu lao, bunda zima, unainua, na kadi zao zinadondoka mezani zenyewe. Kazi ya wiki ikawa ya dakika moja. Niliona fahari, msidhani sikuona.

Ndipo akaja afisa wa usalama, akasimama nyuma yangu. "Karani, nidondoshee wa risasi."

Nilijua anawasaka washifta, wale waasi wa porini. Nilijua pia kwamba mle mlikuwa na wachungaji waliopigwa wakiteka maji kisimani, na mama mmoja muuza maziwa. Nilipitisha sindano. Zikadondoka kadi kumi na moja, na ya juu kabisa ilikuwa ya Duale.

Ndiyo, Ardo. Baba yako, ndugu yangu wa tumbo moja. Hakwenda Mandera, nilikudanganya. Alipigwa risasi ya goti akitafuta ngamia waliopotea, wala hakuwahi kushika bunduki. Afisa alikuwa anawasha sigara, hanitazami. Ningeisukuma ile kadi chini ya kiwiko changu, yangekwisha. Lakini nilimkumbuka marehemu baba akimpa Duale majike yote ya ngamia, mimi akaniambia nikale kalamu yangu, na Duale akacheka. Nikazihesabu kadi, nikamkabidhi zote.

Niliwaita mwenyewe. Niliwatumia ujumbe waje Jumatatu wachukue fedha zao. Duale alikuja amevaa shuka safi, akaniambia dirishani, "Kaka, leo nihudumie kama mtu wa serikali." Walipomkamata hakupiga kelele. Aliniita "Gelle" mara moja tu, nami nikainamia kadi zangu. Mwezi uliofuata nikapewa ukarani mkuu na kiwanja hiki tulichokalia.

Wako wote katika shimo moja, nyuma ya kambi ya askari, upande wa barabara ya Dadaab. Magongo ya Duale yalirudishwa ofisini. Nilimpa mlemavu mwingine.

Usitoke, Ardo. Umesema nini? Rudia, sauti yako inanifikia kwa mbali.

"Adeer, ami yangu, baba alioshwa?"

Hakuoshwa, mwanangu. Wala hakusaliwa. Mchanga tu.

Ahmednoor, mwache dada yako Ardo, usimshike. Timiro, nipanguse mdomo. Ni damu, usishtuke. Sikuombeni msamaha, maana nikipewa tena ile siku sijui ningefanya nini, na huo ndio ukweli mbaya kuliko yote. Wosia wangu ni huu: nikifa, maji ya kuniosha yasitekwe mpaka Ardo aruhusu. Akikataa, nizikeni na jasho langu, wala sheikh asiletwe kumbembeleza. Watu wa ofisi wakija kunisifu, wafukuzeni.

Mungu awape uzao... awape maziwa, na mvua isiyochelewa. Na wewe, Ardo, hata kama baraka ya mkono huu huitaki... nakupa. Ngoja... ngoja nivute pumzi.

Naona midomo ya Ardo inatembea. Masikio yangu yameziba. Timiro, mbona unalia? Niambie... amesema yatekwe, au yasitekwe?