Fairuz na Sahani Isiyorudi Tupu

Wasikilizaji wapendwa, salamu ziwafikie hapo mlipo: mlio jikoni, mlio kazini, na wewe uliyejinyoosha kochini na kofia usoni ukidhani hatukuoni. Leo tunamkumbuka mwanamke mmoja. Jina lake Fairuz Aidarus. Narudia, Fairuz Aidarus, mzaliwa wa Kuze, Mombasa, aliyeishi Dubai na kuzikwa Dubai mwezi uliopita. Mkisikia kicheko humu studioni, msitukasirikie. Kumtaja Fairuz bila kucheka ni kumsingizia.

Fairuz alikuwa mhudumu wa hoteli kule Al Garhoud, karibu na uwanja wa ndege. Zamu yake ilikuwa ukumbi wa chakula cha asubuhi, na humo ndimo alimowajua Wazungu. Aliwajua wanaosema asante hata ukiwapa kijiko. Aliwajua wanaokaa peke yao kwenye meza ya watu sita na wasione vibaya. Aliwatazama miaka na miaka, mwisho akawapenda.

Na kila Ijumaa baada ya sala, nyumbani kwake palikuwa na darasa. Halikuwa na jina wala ada. Waliokuja ni vijana wa Kiislamu wa Pwani waliokuwa wakipitia Dubai kwenda kusoma au kufanya kazi Ulaya. Vijana waliolelewa na adhana mara tano kwa siku, sasa wanakwenda mahali ambapo dini ni siri ya mtu na chumba chake. Walikuwa na hofu mbili. Nitapotea? Nitakuwa peke yangu? Fairuz aliwaambia hofu hizo ni moja tu, ila imevaa nguo mbili.

Msaidizi wake wa darasa alikuwa Rispah, Mkristo wa kutoka Vihiga, aliyefanya kazi za nyumbani kwa familia ya Waingereza huko Mirdif, mtaa mwingine wa Dubai. Walipofika Dubai mara ya kwanza, Fairuz na Rispah walilala chumba kimoja, mmoja akiamka alfajiri kusali na mwingine akimlaani kwa Kiluhya chini ya shuka. Wakawa ndugu. Darasani Rispah alivaa kofia kuukuu ya madam wake, akawa Bi Mzungu, mwenyeji wa karamu.

"Karibu Hashir," anasema Rispah, amebeba chupa ya sharubati ya zabibu. "Divai kidogo?"

Hashir, kijana wa Malindi, alikuwa njiani kwenda Uswidi. Jasho likamtoka. Akaanza mawaidha: pombe ni haramu, pombe ni mama wa maovu, akafika mpaka kwenye moto wa jahanamu. Rispah akaivua kofia.

"Aki wewe! Mimi nimekualika chakula, wewe wanipeleka motoni?"

Nyumba nzima ikaanguka kwa kicheko. Fairuz akasema, "Hashir, mwanangu, sema 'hapana, asante, nipe maji.' Khalas. Hakukuuliza dini yako. Amekuuliza una kiu."

Akafuata Sulaiman, mpole kupita kiasi. Yeye akaipokea glasi ili asimuudhi mwenyeji. Akajitetea kwa methali: ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho.

"Fumba," akasema Fairuz. "Umejisikia mwenyewe? Fumba. Nani amesema utoboe?"

Kulikuwa na wakorofi waliomuuliza, "Bi Fairuz, wewe Ulaya umefika?" Alikuwa na jibu lake. "Sijafika. Lakini Ulaya huja kwangu kila asubuhi kunywa chai."

Sasa, wasikilizaji wapendwa, tumfikie Afrah. Afrah ni mtoto wa Mubin, na Mubin ni ndugu mdogo wa Fairuz, mfanyabiashara anayepakia matairi na majokofu bandari ya Al Hamriya, hukohuko Dubai, kwenda Mombasa. Mwaka 2013 Afrah alipata nafasi ya kusomea uuguzi Aberdeen, huko Uskochi. Mubin akakataa katakata.

"Mwacha mila ni mtumwa," alisema.

"Nani amemwambia aiache?" Fairuz akamjibu. "Mimi nataka aibebe."

Wakavutana mwezi mzima. Mwishowe Mubin akalainika, lakini kwa sharti. Mwenyewe anakumbuka alivyosema: "Nilimwambia, dada, huyu mtoto akipotea huko, mimi na wewe tusijuane." Na Fairuz akaahidi: "Atarudi na sala yake na kicheko chake. Nimesema mimi." Hiyo ndiyo ahadi, wasikilizaji. Narudia: sala yake na kicheko chake. Na kilichowekwa rehani ni undugu wa watu wawili walionyonya titi moja.

Siku ya safari, Fairuz alimpa Afrah sahani moja ya kauri, yenye maua ya buluu ukingoni, sahani ya mama yao, yeye na Mubin. Akampa na somo. Ramadhani ikiingia, pika, umpelekee jirani futari kwa sahani hii. Ikirudi na kitu ndani, hata chumvi, umepata jirani. Ikirudi tupu, jua hakutaki.

Nanyi mlio wa kwetu mnalijua hilo. Sahani ya mtu hairudi tupu. Hata kama nyumbani hamna kitu, utatafuta ndimu.

Ramadhani ya kwanza ikamkuta Afrah Aberdeen katikati ya kiangazi. Jua la huko lina ukaidi, linakawia angani mpaka mtu amechoka kulisubiri. Afrah akakaanga sambusa, akachovya kaimati kwenye shira, akagonga mlango wa jirani. Jirani mwenyewe ni Mzee Jeremy, aliyefiwa na mkewe, mstaafu, mtu wa maneno machache. Akapokea, akashukuru, akafunga mlango.

Kesho yake sahani ilikuwa kizingitini kwa Afrah. Imeoshwa, inang'aa. Tupu. Hata tende moja hamna.

Afrah akapiga simu Dubai. "Shangazi, hawanitaki." Akawa hatoki ila kwenda darasani. Akirudi anafunga mlango na kufuturu peke yake amesimama jikoni. Habari zikamfikia Mubin bandarini, juu ya matairi yake. "Nilijua mimi," akasema. "Wiki hii namkatia tiketi. Arudi."

Fairuz akajilaumu mwenyewe. Somo ni lake, sahani ni yake, ahadi ni yake. Asubuhi ile hotelini aliandaa meza nzima na kusahau vijiko. Kwa mara ya kwanza alijiuliza kama wale wakorofi walisema kweli, kwamba anafundisha watu bahari ilhali yeye anaijua kwenye glasi. Ilimuuma. Alimpenda yule mtoto, na alimpenda Mubin pia, hata kwa ubishi wake.

Zamu ilipoisha akaenda Mirdif, akagonga mlango wa nyuma wa jikoni. Rispah alikuwa anafuta vyombo. Akasikiliza kisa chote na kitambaa mkononi, kisha akacheka mpaka akakaa chini.

"Wee Fairuz! Kwa madam wangu, kurudisha sahani ya mtu ikiwa chafu ni aibu ya mwaka. Ukiirudisha safi, imeng'aa, ndiyo umesema asante. Miaka yote hiyo hotelini na hulijui hilo?"

Fairuz akafikiri. "Hotelini wageni hawarudishi sahani, Rispah. Naziondoa mimi."

Akampigia Afrah palepale, amesimama kando ya sinki la watu. Afrah anayakumbuka maneno yake.

"Mwanangu, nimekosea mimi. Yule mzee alikushukuru kwa lugha yake, sisi tukamsikia kwa yetu. Chukua sahani, weka kitu, nenda kagonge tena. Na safari hii mwambie kwetu sahani hairudi tupu."

"Shangazi, nitaonekana mwombaji."

"Utaonekana jirani. Moyo wako si kabati, afungue mwenyewe aone kilichomo. Mwambie. Yalla, kabla sijalia kwenye vyombo vya madam."

Afrah akaenda. Akaeleza. Mzee Jeremy akawa mwekundu mpaka masikioni. "Nami niliisugua mara mbili!" akasema. Akaingia ndani, akasikika akifungua makabati na kuyafunga. Akatoka na viazi vitatu kutoka kibustani chake, vina udongo bado, akaviweka juu ya yale maua ya buluu kwa mikono miwili.

Afrah akapiga picha, akaituma Dubai. Fairuz aliionyesha hotelini kote, hadi kwa mgeni mmoja aliyekuwa anangoja tu chai yake. Mubin aliisogeza karibu na macho.

"Viazi?" akauliza.

"Viazi," akasema Fairuz.

"Sahani ameiosha, viazi hakuviosha?"

"Wewe, kata tiketi yako ukitaka. Mimi nakwenda kulala."

Tiketi haikukatwa. Sahani ile ikaanza kusafiri kati ya milango miwili, huku na sambusa, kule na keki, figili, samaki wa moshi. Dirisha la Afrah lilitazama ukuta, la Mzee Jeremy lilitazama magharibi. Basi yule mzee akajipa kazi: jua likizama, anagonga ukuta wa kati yao mara tatu kumwambia afuturu. Afrah alikuwa na saa kwenye simu yake, lakini wallahi, anasema, alingoja ukuta. Ramadhani iliyofuata ngazi yote ya jengo lile ilijaa sahani. Afrah akamaliza masomo, akaajiriwa hospitalini kulekule, na ushungi wake kichwani.

Naye Fairuz akalisahihisha somo lake. Kila kijana aliyefuata aliambiwa, "Sahani ikirudi tupu, usilie. Gonga, ueleze." Na alikiri mbele ya darasa nani alilifundisha vibaya mwanzoni, huku Rispah akiitikia "Amina!" chini ya kofia.

Fairuz Aidarus alifariki Ijumaa jioni, mwaka huu wa 2018. Ni moyo. Darasa lilikuwa limekwisha, vikombe vimeoshwa. Alizikwa makaburi ya Al Qusais, na vijana waliobeba jeneza walikuwa wanafunzi wake.

Afrah alifika siku ya tatu. Matanga yalikuwa nyumbani kwa Mubin. Akafungua sanduku, akatoa mtandio wake wa sala, na ndani ya mtandio, sahani ya maua ya buluu. Pamoja nayo, mfuko wa viazi. Mzee Jeremy aliposikia msiba alikwenda kibustanini, akavichimba mwenyewe. Safari hii alikuwa ameviosha.

Mzee mmoja wa ukoo akauliza kama ni halali. Mubin akageuka. "Kiazi nacho kina dini?" Akavichukua, akaingia jikoni, Mubin ambaye hajui chumvi inakaa wapi, akavipika kwa nazi na ndimu. Tulipozungumza naye alituambia hivi: "Dada alisema mtoto atarudi na sala yake na kicheko chake. Nimemwona akisali. Viazi vilipoungua, nikamsikia akicheka. Dada amenishinda."

Siku Afrah aliporudi Aberdeen, Rispah alikuwepo. Anasema Mubin aliichukua ile sahani, akaijaza halua na tende, akaifunga kwa kitambaa, akafunga fundo, akalifungua, akaongeza halua, akafunga tena.

"Mpe Mzee Jeremy," alimwambia binti yake. "Mwambie imetoka kwangu."

Wasikilizaji wapendwa, tunatoa mkono wa pole kwa Mubin, kwa Afrah, kwa Rispah aliyempoteza dada, na kwa vijana wote wa darasa la Ijumaa popote walipo, iwe kwao ni usiku au mchana. Mola amrehemu Fairuz Aidarus, aipanue nyumba yake. Nasi tuliobaki tujiulize kidogo, sote, wa sala na wa kanisa na wa bila vyote. Nenda kabatini kwako sasa hivi, ufungue. Kuna sahani humo ambayo si yako. Ni ya nani, na utamrudishia na nini?